Atakayelifikisha

Viazi vilikuwa vimebaki nusu ndoo, na kuni mbichi zilikuwa zimeanza kumtoa Tupokigwe machozi, pale Mama Sikitu wa nyumba ya pili alipopenya kwenye ua wa matete bila kupiga hodi.

"Limefika," alisema.

Tupokigwe hakuinua kichwa. "Lori la mkaa?"

"Gari la wanao. Bi Harusi. Sikitu wangu amepiga simu kutoka uwanjani, hata hasikiki kwa kelele. Anasema limefika mwisho wa mbio, na katika yale madogo limekuwa la kwanza."

Kisu kilisimama katikati ya kiazi.

"Limefika kwa kamba?"

"Kwa magurudumu yake."

"Na watu?"

"Wazima. Wamejaa matope mpaka kwenye meno, lakini wazima."

"Haya," alisema Tupokigwe, akaendelea kumenya. Mama Sikitu alisubiri kigelegele, asikisikie. Akaangalia maganda yaliyokuwa yakianguka kwenye beseni, manene kama nyayo za kandambili.

"Jirani, leo unamenyea watu au ng'ombe?"

Msikilizaji, usimdhanie mama huyu kuwa na moyo wa jiwe. Alifurahi. Ila alijua jambo ambalo Mama Sikitu hakulijua: gari likifika, usiku huohuo nyumba yake ingetakiwa kukata shauri. Ili nawe ulijue, sharti nikwambie kwanza habari za gari, kisha za watoto, kisha za neno moja ambalo mumewe alilitamka kwa hasira.

Gari lilikuwa Starlet ya milango mitatu, kongwe kuliko mtoto wa kwanza wa nyumba. Lilitoka Japani kabla watu wa Uyole hawajazoea kuagiza magari kama wanavyoagiza viatu, na lilipomfikia Mzee Anyosisye lilikuwa tayari limepita mikono mingi. Alilipenda kama watu wanavyopenda jino bovu: kila siku analigusa. Kila mwaka, mvua zinapoelekea kwisha, yeye na wenzake wenye ugonjwa huohuo walikwenda na magari yao ya zamani kwenye shamba lililowahi kulimwa pareto, wakapanga matairi mabovu kuonyesha kona, wakamwaga chokaa kuwa mstari, wakafukuzana kwenye utelezi. Hakuna aliyepata riziki pale. Walipata matope, na Jumatatu walikwenda kazini wakiwa na furaha isiyoelezeka.

Katika miaka yote hiyo, Starlet ya Mzee Anyosisye haikuwahi kumaliza mbio hata moja. Mara imechemka, mara imevunjika, mara imezama kwenye mfereji. Kila mara ilirudi nyumbani kwa kamba nyuma ya gari la mtu, na watoto wa mtaa wakifuata kwa nyimbo. Ndiyo maana mtaa ukalibatiza gari hilo Bi Harusi, kwa kuwa halikuwahi kufika kwao bila kusindikizwa.

Watoto walikuwa watatu, watu wazima sasa, na kila mmoja alizaliwa na chake.

Subilaga, binti, wa kwanza, alizaliwa na masikio. Kazi yake ni cherehani, lakini tangu utotoni aliweza kulala kitandani akasema lori lililopita barabarani lina beringi mbovu gurudumu la nyuma. Alipokuwa akichunguza injini alichukua mwiko wa mama yake, akaweka kichwa cha mwiko kwenye chuma na mpini sikioni, akasikiliza kama daktari. Ugali wa nyumba ile umewahi kunukia grisi zaidi ya mara moja, na Tupokigwe alikwisha choka kugomba.

Ipyana, wa pili, alizaliwa na kutafuta. Mpe jina la kitu kisichotengenezwa tena, wala kuuzwa dukani, naye atakwenda, atasalimia watu, atakunywa chai asiyoihitaji, na jioni atarudi nacho. Baba yake alisema mtoto huyu angepotezwa jangwani angerudi na kabureta.

Gwamaka, wa tatu kwa hesabu ya nyumba, alizaliwa na mikono. Alikuwa mtoto wa dada yake Tupokigwe, dada aliyekufa Gwamaka akiwa bado ananyonya, na Tupokigwe alimnyonyesha pamoja na Ipyana, huyu huku na huyu kule. Kwa hiyo alikuwa mwanawe na hapakuwa na neno la kuongeza. Gwamaka aliendesha lori la viazi kwenye njia za milimani, na watu walisema akishika usukani hata barabara mbovu hujirekebisha kwa aibu.

Sasa lile neno. Msimu uliopita, Starlet ilivunja giaboksi katikati ya uwanja mbele ya watu wote. Mzee Anyosisye, ambaye goti lake lilikuwa limeanza kumkatalia hata kukanyaga breki, alirudi nyumbani akatangaza kwamba imetosha, wanunuzi wa chuma chakavu waje na mizani yao. Watoto wakapiga kelele wote watatu. Walipiga kelele siku hiyo, na kesho yake, na siku ya tatu mzee akagonga meza.

"Basi. Mbio za mwisho wa mvua zipo. Atakayelifikisha mwisho, ndiye mwenye ufunguo. Lisipofika, linakwenda kwenye mizani, na asinisemeshe mtu."

Tupokigwe alikuwa pembeni anapepeta mchele. Ungo ukatulia.

"Baba Subi, una watoto watatu. Umesema 'atakaye'."

"Nimesema nilichosema."

"'Watakao' ni neno fupi tu. Lingekugharimu nini?"

"Mama Subi, nimekwisha sema."

Na katika nyumba ile kulikuwa na desturi, mzee aliirithi kwa baba yake: aliyetoa neno halifafanui. Ukishatamka mbele ya watoto umetamka, na kama neno lina kona, mwingine ndiye huipinda. Mwingine huyo, kama unavyoweza kukisia, alikuwa ni yuleyule aliyepepeta mchele.

Utauliza, kwa nini wasimiliki pamoja? Swali zuri. Tupokigwe alikuwa na kaka watatu waliorithi baiskeli moja kwa pamoja. Walipendana sana, ndiyo maana hawakutaka kuiuza. Mwaka haukwisha, gurudumu la mbele likawa Kyela, la nyuma likawa Busokelo, na kiti hakijulikani kilipo. Kaka hao husalimiana misibani tu, tena kwa kutazamana mabegani. Na Mzee Anyosisye naye alikuwa na msemo wake: gari la watu watatu halina mafuta, kwa kuwa kila mmoja anajua mwenzake ametia.

Hilo ndilo lililokuwa kwenye kisu cha Tupokigwe jioni ile. Jambo lenyewe lilikuwa kwamba meza yake ina watoto watatu wanaokula pamoja mpaka leo, na alitaka iendelee kuwa hivyo.

Kabla viazi havijaiva, sauti ilisikika kutoka barabarani. Ilikuwa honi, ile honi ya Starlet yenye kwikwi. Safari hii hapakuwa na kamba wala gari la mbele. Bi Harusi lilikuwa peke yake mbele, boneti limefungwa kwa mpira wa tairi, na nyuma yake mtaa mzima unakimbia. Mzee Anyosisye alikuwa amekaa kiti cha abiria, fimbo yake imetoka dirishani kama bendera. Mama Sikitu alipiga kile kigelegele alichokuwa amekisubiri kwa mwenzake, na wanawake wa upande wa pili wa barabara wakakipokea. Tupokigwe alitoka na mwiko mkononi. Alisimama kwenye lango, akatazama nyuso tatu, akahakikisha zote zina macho mawili mawili, ndipo naye akapiga chake, kirefu, mpaka kuku wakapanda juu ya tangi.

"Mama," alisema Gwamaka akishuka, "sogea kidogo, nakuchafua."

"Nimekuogesha ukiwa mchafu kuliko hivyo. Njoo hapa."

Habari ya mbio aliipata kwa vipande, pale kwenye bomba, kila mmoja akimwagia mwenzake maji na kumkatiza. Mimi nitakupangia.

Kabla ya yote, Ipyana alikuwa ametafuta giaboksi. Gereji za Mbeya hazikuwa nayo. Tunduma hawakuwa nayo. Hatimaye alisikia kwamba huko Kiwira, kwenye migomba ya bibi mmoja, kuna Starlet iliyogeuzwa banda la kuku. Akaenda, akalikuta: jogoo amekaa kwenye usukani, majike wanaatamia chini ya boneti. Bibi akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu, "Na kuku wangu watalala wapi?" Basi Ipyana akajenga banda. Alikwenda kila alipopata nafasi, akapigilia mbao, na bibi akakaa kwenye kigoda akisimamia: inua mlango, jogoo wangu ni mrefu, ziba hapo, kicheche ana akili kukuzidi. Banda lilipokwisha lilikuwa zuri kuliko jiko la bibi mwenyewe. Akamshukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo, mwanangu, chukua chuma chako," na Ipyana akaibeba giaboksi begani mpaka barabarani, akinuka kuku kwa siku kadhaa.

Kisha Subilaga akaitia ndani ya gari. Ikaingia, lakini pampu ya maji ikaanza kulia machozi, na gasketi ya kuzibia pampu ile hakuna duka lililokuwa nayo. Subilaga akachukua karatasi ngumu anayokatia mitindo ya nguo, akaikandamiza kwenye chuma mpaka ikatoa alama, akaikata kwa ule mkasi wake wa vitambaa ambao hamruhusu mtu kuukatia hata ukucha. Akaipaka gundi ya mafundi, akaifunga. Ikavuja. Akakata nyingine. Ikavuja. Alikata mpaka mteja mmoja aliyekuja kuchukua gauni lake la sherehe akakuta mtindo wake una tundu la pampu. Ile iliyofuata haikuvuja. Akaweka mwiko sikioni, akasikiliza, akasema, "Sasa linapumua."

Kisha Gwamaka akalipeleka uwanjani. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, shamba la pareto limekuwa uji. Kanuni za mbio zile zinaruhusu watu wawili garini, kwa hiyo Ipyana alikaa pembeni yake, na Subilaga akabaki kwenye kona ya chini, kitenge chekundu begani. Gwamaka hakushindana na wenye injini kubwa kwenye njia nyoofu. Aliwangoja kwenye kona. Wenzake walikanyaga breki, wakateleza, wakatoka nje kama sabuni bafuni. Yeye aliachia mafuta kidogo, akageuza usukani mapema kabla ya kona yenyewe, akalilaza gari kiubavu mpaka likatazama njia iliyofuata. Mmoja baada ya mwingine, akawapita.

Mzunguko wa katikati, harufu ikajaa ndani ya gari. Kitu kilikuwa kinaungua. Gwamaka akaanza kutoa mguu kwenye mafuta.

"Usisimame," alisema Ipyana.

"Linaungua, kaka."

"Haliungui. Vuta pumzi vizuri."

"Nimevuta. Ni klachi."

"Ni manyoya. Nimekaa na kuku wale, nawajua kwa pua. Yalibaki ndani ya giaboksi. Twende."

Wakaenda, na watazamaji wakaona manyoya yaliyoungua yakitoka chini ya gari kama limekanyaga jogoo. Uwanja mzima ukacheka, na wao wakazidi kwenda. Dereva wa Corolla ya bluu aliyesikia harufu kama hiyo kwenye gari lake mwenyewe alisimama kuangalia. Lake lilikuwa linaungua kweli.

Mzunguko uliofuata, walipopita kona ya chini, Subilaga alisikia kitu ambacho watu wengine pale hawakukisikia. Katikati ya ngurumo za magari yote na vifijo, injini ya Starlet iligonga. Mlio mdogo, kama kucha kwenye sahani. Alijua maana yake: maji yamepungua, injini imeanza kupata joto, na ikiendeshwa hivyo haitafika. Akavua kitenge, akakishusha chini mpaka kwenye matope, akakiburuta. Ilikuwa ishara yao waliyopatana: punguza. Gwamaka alikuwa anaongoza magari madogo; kupunguza wakati huo ni kama kuombwa kutema nyama. Akapunguza. Subaru nyekundu ya daktari wa meno ikawafikia, ikawapita. Walipofika kona ya chini tena, Subilaga alitega sikio, akakipandisha kitenge juu ya kichwa akakizungusha. Injini ilikuwa imepoa. Gwamaka akakanyaga.

Wakaifikia Subaru kwenye kona ya mwisho, wakapinda nayo ubavu kwa ubavu, na hapo waya wa klachi ukakatika. Gari likashtuka, likazima. Mstari wa chokaa ulikuwa mbele yao karibu kabisa, ungeweza kuurushia kandambili. Subaru nayo ilikuwa imeteleza, imekwama kidogo kwenye ukingo, inazungusha magurudumu. Ipyana alifungua mlango ashuke kusukuma.

"Funga mlango," alisema Gwamaka. Akaingiza gia ya kwanza kwa nguvu, bila klachi, akashika ufunguo, akauzungusha na kuushikilia hapohapo. Injini haikuwaka. Lakini stata, ile mota ya kuwashia, ilikuwa imekamata gia, na kila ilipozunguka ilivuta magurudumu pamoja nayo. Gari likaruka kama chura. Likaruka tena. Watu wakaanza kupiga makofi kwa kufuata mruko, hop, hop, hop, mzee wao akipiga fimbo kwenye bati la gari la mtu mwingine, na Bi Harusi likavuka mstari kwa nguvu za betri tu, Subaru ikiwa ndiyo kwanza inatoka kwenye ukingo. Daktari wa meno aliteremka akaja kuwashika mikono. Alisema ameshindwa na magari mengi, lakini hajawahi kushindwa na betri.

Waliunga waya kwa koleo, wakatia maji, likawaka. Ndivyo lilivyorudi nyumbani.

"Sasa," alisema Mzee Anyosisye, akiisha kukaa kwenye kiti chake cha barazani na kikombe cha chai mkononi. Kila mtu alijua kinachofuata, na kicheko kikapungua chenyewe.

"Baba," alianza Ipyana, "ulisema atakayelifikisha. Hukusema atakayeliendesha. Ungetaka dereva, neno la dereva lipo. Mgonjwa akifika hospitali, aliyemfikisha ni nani? Si ndiye aliyehangaika kumtafutia gari? Bila mimi hili lingekuwa limekwisha pimwa uzito. Na manyoya je? Gwamaka alitaka kusimama."

"Gari lilikuwa na giaboksi na haliwaki, ulilifikisha wapi?" aliuliza Subilaga. "Uliniletea chuma chenye mayai. Mimi ndiye niliyelipatia pumzi. Na pale kona ya chini, nisingeburuta kitenge changu kipya kwenye tope, lingefika, ndiyo. Lingefika ahera."

Gwamaka alikuwa anajifuta miguu kwa gunia.

"Mimi sina maneno mengi, dada. Ila lilipozima, mstari ulikuwa mbele na gari lilikuwa nyuma ya mstari. Giaboksi ilikuwepo, pumzi ilikuwepo, na lilikuwa limesimama. Halafu likawa limevuka. Hapo katikati kulikuwa na mkono wa nani?"

"Mkono wako kwenye gia yangu," alisema Ipyana.

"Gia niliyoifunga mimi," alisema Subilaga.

"Watoto hawa wangesomea sheria," alisema Mama Sikitu, ambaye hakuwa amerudi kwake.

Mzee Anyosisye alichomoa ufunguo mfukoni. Ulikuwa mmoja, umelika meno, umefungwa kwenye kipande cha ngozi. Akamnyooshea mkewe.

"Mimi nilitoa neno. Mama yenu atoe ufunguo."

"Nilijua," alisema Tupokigwe. Aliupokea kwa mkono wenye masizi.

Hakuwauliza nani amefanya nini. Hayo alikwisha yasikia. Aliwauliza kila mmoja atalifanyia nini gari.

Subilaga alisema anafunga cherehani. Amepata kibanda kando ya barabara kuu, anafungua gereji yake, na mwanamke akifungua gereji hakuna atakayemwamini mpaka aone kazi yake kwa macho. Starlet ingekaa mlangoni, injini wazi, inawaka siku nzima, watu wapite waisikie. Haitakimbia tena, itasema.

Ipyana alisema gari limetumika vya kutosha. Angelirudishia vioo vyake vya asili, taa zake, rangi yake ya maziwa iliyotoka nayo kiwandani, kila msumari mahali pake, kwa sababu magari yale yanakwisha duniani na hakuna anayeyahesabu. Lisingeona tope tena maishani.

Gwamaka alisema vijana wa Iringa walikuwepo uwanjani. Wamemwita kwenye mbio zao. Lakini kwao hukimbii na gari la kuazima. Jina lako na gari viwe kitu kimoja. "Na mimi, mama," alisema akitazama gunia, "sijawahi kuwa na kitu ambacho jina la kwanza ni langu." Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama anayetaja saizi ya kiatu.

Tupokigwe aligeuka akapuliza moto, ingawa moto ulikuwa unawaka vizuri.

Unaona fundo lilipo. Akimpa Subilaga, Ipyana atapita kila siku mbele ya gereji akiona gari limefunguliwa matumbo. Akimpa Ipyana, mikono ya Gwamaka itabaki kwenye lori la viazi, na gari litakuwa pambo. Akimpa Gwamaka, litavunjika, kwa sababu magari ya mbio huvunjika, na jasho la wote wawili litalala kwenye mfereji wa Iringa. Tena mtaa una midomo. Gwamaka akipewa, watasema amepewa kwa huruma, na yeye mwenyewe atayasikia. Akinyimwa, watasema damu ni damu, na hilo ndilo Tupokigwe asilotaka lisemwe kwenye kaburi la dada yake.

"Nipe mimi nipeleke kwangu, mgombane na mimi," alisema Mama Sikitu.

"Wewe kakae mezani, viazi vinapoa."

Akapakua. Viazi na maharage, parachichi lililokatwa, pilipili pembeni kwa ajili ya mzee. Hakuna aliyeondoka barazani kwa hasira, hakuna aliyesema ameshiba. Walinawa kwa zamu kwenye birika lilelile, Ipyana akimmiminia dada yake, Subilaga akimmiminia Gwamaka, wote bado wana matope nyuma ya masikio. Tupokigwe alisimama kwenye kizingiti na sufuria mkononi, akawahesabu kama alivyowahesabu kila jioni tangu walipokuwa wanafika kiunoni mwake: mzee na fimbo yake, Subilaga, Ipyana, Gwamaka, Mama Sikitu aliyekwisha anza kula. Na yeye mwenyewe. Wapo wote.

"Mama Subi," alisema mumewe, "tunasubiri."

"Mnasubiri mkila. Shauri la njaa sikati."

Wakala. Gwamaka alisimulia tena jinsi Subaru ilivyozungusha magurudumu, Ipyana akaigiza sauti ya jogoo, Subilaga akacheka mpaka akapaliwa na kaka zake wakampiga mgongoni wote wawili kwa pamoja. Tupokigwe aliketi mwisho. Alikula polepole kwa mkono wa kulia, na ule wa kushoto ulikuwa umekumbatia ufunguo chini ya meza. Maharage yalipokwisha, aliusogeza mkono ule juu ya meza, bado umefumbwa, na sahani tatu zikaacha kulia.

Mimi nimekufikisha hapo, msikilizaji, na mimi pia siwezi kufafanua neno nililolitoa. Ufunguo ni mmoja, sahani ni tatu, na kesho jioni mama yule atahesabu tena. Mkono ule ungekuwa wako, ungeufumbua mbele ya sahani ya nani?